Nani Anautegemea Msitu wa Kijiji?

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wageni waalikwa,

Tunapojadili jinsi kaya za vijijini zinavyoutegemea msitu wa pamoja, hesabu yetu huanzia kwenye magogo. Leo naomba tuanzie jikoni, na mfano wangu ni misitu ya miombo ya mkoa wa Lindi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliviwezesha vijiji vya Tanzania Bara kutenga misitu ya hifadhi, kuitungia sheria ndogo na kubaki na mapato yake. Wilayani Kilwa, vijiji kadhaa vimeuza mpingo na mninga kwa utaratibu huo na kugharimia huduma za jamii, mafanikio ambayo sina nia ya kuyabeza.

Hata hivyo, fedha za magogo huishia kwenye akaunti ya kijiji. Kinachofika nyumbani moja kwa moja ni kuni, fito, kamba za magome, dawa za mizizi, asali, uyoga unaochipua mvua zinapoanza, na ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo mjini Mtwara ni kitafunwa cha kununua barabarani, ilhali kwa kaya iliyomaliza akiba ya ghalani ndio mlo wenyewe. Vitu hivi havikatiwi risiti, kwa hiyo havimo katika taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na wanaovitegemea zaidi ni wanawake na kaya maskini, ambao aghalabu ndio wasemao kidogo mkutanoni. Ndipo sheria ndogo iliyokusudiwa kuulinda mninga inapoweza kumnasa mama mwenye jembe la kuchimbia ming'oko.

Sisemi msitu uachwe wazi; anayeangusha mti mzima kwa ajili ya asali anawadhulumu wenzake. Lakini tutazame ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa, ambazo mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulizifufua: eneo hufungwa wakati wa masika ili malisho yapatikane kiangazi. Hapo katazo linaihudumia haja ya mfugaji, na nadhani ndiyo sababu watu walilikubali.

Kwa hiyo napendekeza kwamba Kamati ya Maliasili ya Kijiji, kabla ya kuhesabu miti ya kuvunwa, ikae kwanza na wanawake wanaoingia msituni, iandike wanachochukua, mahali na miezi wanayokichukua, na maelezo hayo yaingizwe katika mpango wa usimamizi kabla sheria ndogo hazijapelekwa kwenye Baraza la Madiwani.