Fito, Mafundo na Dawa

Habari za mchana. Nani hapa amewahi kuona nyumba ya udongo kabla haijakandikwa? Nguzo zimesimama, fito zimelazwa, kila zinapokutana pamefungwa kamba, na katikati ni hewa tupu. Shikeni picha hiyo, maana kiunzi cha kubebea dawa ninachokizungumzia leo kimejengwa vivyo hivyo, ila ni kidogo hata kinapita ndani ya mshipa wa damu.

Penye fundo pana atomu za metali. Fito ni molekuli za kaboni. Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, walioanzisha ujenzi huu, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Mimi lakini nawapenda zaidi waliouleta kwenye tiba: Patricia Horcajada, Christian Serre na Gérard Férey wa Versailles, Ufaransa, wakishirikiana na Patrick Couvreur. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalitumia fundo la chuma.

Kiunzi chao kimoja, MIL-100, kina vyumba vya nanomita 2.5 na 2.9 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Humo waliingiza busulfani, dawa ya kuua uboho mgonjwa kabla ya kupandikiza mwingine. Ni dawa korofi: hugeuka fuwele na kuziba vimishipa vya ini. Vifuko vya mafuta viliibeba kwa chini ya asilimia 1 ya uzito. Kiunzi cha chuma, asilimia 25! Waliloweka tu, dawa ikaingia.

Na chuma hichohicho huvuruga usumaku ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hivyo mahali kilipo hutokea peusi kwenye picha. Mbebaji anajionyesha mwenyewe. Gadolini, metali nyingine inayotumika kwenye picha hizo, nayo huonekana vizuri, lakini mwili hauna kazi nayo, na ikiachwa huru ni sumu. Chuma tunacho tayari, gramu 3 hadi 4 kwa mtu mzima, na mwili unajua pa kukiweka. Kwangu mimi, uchaguzi huo ndio kiini cha kazi yote.

Panya walipodungwa chembe za kiunzi cha chuma, ini na wengu vilionekana vyeusi ndani ya nusu saa. Baada ya miezi 3 vilirudia hali yake. Tazameni zilikokimbilia: ini, kiungo kilekile ambacho busulfani hukiumiza. Kuzipitisha chembe hizi salama mbele ya ini, zifike kwenye uboho, ndiyo kazi ninayotamani mmoja wenu aichukue.