Samaki Anayepanda Maporomoko

Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliokaa kule nyuma, karibuni. Hapa Jinja, kando ya Ziwa Victoria, hakuna wa kufundishwa sato wala mukene, yaani dagaa, kwa hiyo leo nimewaletea samaki asiyepatikana ziwani kwetu: gobi wa vijito vya visiwani, kule Hawaii, Komoro na Réunion. Wengi wao ni wadogo kama kidole. Mapezi mawili ya tumboni yameungana yakawa kikombe cha kunyonyea, naye hujibandika jiweni ili mkondo usimchukue.

Jike hutaga chini ya jiwe, dume hulinda mayai. Watoto wakianguliwa, maji huwabeba hadi baharini, na wasipofika katika siku chache hufa. Huko hukaa miezi kadhaa, kisha hutafuta mlango wa mto na kuanza kupanda.

Kupanda huko, ndugu zangu, kunanishangaza mpaka leo! Kuna mmoja wa Hawaii, wanasayansi humwita Sicyopterus stimpsoni. Akiingia mtoni, kwa muda wa siku mbili hivi mdomo wake huhama: ulikuwa mbele ya uso, sasa unatazama chini. Ndipo anapoukwea mwamba wenye maji. Mdomo unashika, tumbo linashika, mdomo tena. Mwenzake, Lentipes concolor, huishi hata juu ya maporomoko ya Akaka, yenye mita 135 hivi. Maporomoko yetu ya Murchison yana mita 43.

Mwamba anaushinda, wavu haushindi. Kule Réunion watoto hao huvuliwa kwa wingi mlangoni mwa mto, huitwa bichiques, na bei yake ni kubwa. Hawaii nako mashamba ya miwa yalichepusha maji ya vijito vingi. Kipande kimoja cha mto kikikauka, safari imekwisha, hata kama huko juu msitu ni mzima. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kulinda chemchemi peke yake kunatosha.

Wazee mnaikumbuka habari ya ningu, samaki wa ziwa letu. Mvua zilipoanza alipanda mito kwenda kutaga, nyavu zikamngojea mlangoni akiwa na mayai tumboni, akapungua vibaya. Hawa wawili si ndugu, lakini njia yao ilizibwa mahali pamoja. Ninaomba milango ya mito yetu iachwe bila nyavu majira hayo ya mvua.

Sasa wavuvi mnieleze: ni mito gani ambako ningu bado anaonekana akipanda?