Jiwe la Mizani Kwanza: Kuchagua Vipimo vya Kidijitali vya Tangi la Matumbawe

Mabibi na mabwana, swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu matangi ya matumbawe, yaani matangi ya maji ya bahari ya kufugia matumbawe, ni moja: ninunue kipimo gani cha kidijitali? Naomba tuanzie sokoni. Mizani ya muuza nyanya pale Majengo, iwe ya mshale au ya tarakimu, tunaiamini kwa sababu kuna siku iliwekewa jiwe la uzito unaojulikana. Kipimo cha maji nacho kina jiwe lake, yaani kichupa cha maji ya rejea ambayo kiwango chake kimeandikwa kwenye lebo. Ikiwa kichupa hicho hukipati hapa Dodoma, wala huna njia ya kukiagiza kila kinapokwisha, chombo hicho usikinunue, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwenzetu wa Tanga huchota bahari kwa ndoo. Sisi tuko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka pwani, na bahari yetu tunaikoroga wenyewe kwa chumvi ya pakiti. Maji tunayokorogea nayo, hasa ya visima, ni magumu. Kila mmoja wetu anaujua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Kwa hiyo maji hupitishwa kwanza kwenye mashine ya RO, inayoyachuja kwa kuyasukuma kupitia utando mwembamba, kisha hupimwa kwa kipima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kifaa cha bei nafuu kinachopaswa kusoma sifuri au karibu yake. Kifaa hicho kazi yake inaishia hapo, kwa kuwa kimeundwa kwa maji matamu, na bahari hukizidi mbali.

Chombo cha kwanza cha kugharimia ni kipima chumvi kinachotumia umeme unaopita majini. Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi katika kila kilo huwa na uwezo wa kupitisha umeme wa takriban milisiemensi 53 kwa sentimita yakiwa na nyuzi joto 25, lakini uwezo huo hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Fikirini ndoo iliyokorogwa usiku wa Julai, maji yakiwa na nyuzi 20: chombo kisichojirekebisha kwa joto kitasoma karibu gramu 31 badala ya 35, na mwenye tangi ataongeza chumvi isiyohitajika. Muulizeni muuzaji kuhusu urekebishaji huo kabla ya kuuliza bei. Na wakati wa kiangazi, upepo wetu unapokausha maji ya tangi, kumbukeni kwamba kinachoondoka ni maji peke yake na chumvi hubaki, kwa hiyo tangi huongezewa maji ya RO yasiyo na chumvi.

Mimi mwenyewe nilianza na kipima pH, yaani kiasi cha asidi majini, kwa kuwa kilikuwa na kioo kizuri cha kusomea, na nilijuta. Nilisafiri wiki mbili nikakiacha mezani bila kifuniko. Niliporudi, ncha yake ya kioo ilikuwa imekauka na kuota chumvi, na ilisoma karibu 7 katika kila kitu nilichoitumbukiza. Ncha hiyo hutunzwa ndani ya maji yake maalumu ya kuhifadhia, wala si maji yaliyotoneshwa kutokana na mvuke, na hata ikitunzwa vyema huchakaa baada ya mwaka mmoja au miwili. Isitoshe, pH ya tangi hushuka usiku na kupanda mchana taa zinapowaka, na chumba kilichofungwa madirisha huishusha zaidi, hivyo tarakimu moja iliyosomwa asubuhi haikuambii mengi.

Fedha hiyo ingefaa kununua kolorimita ya alkaliniti, yaani chombo kinachopitisha mwanga kwenye maji yaliyotiwa rangi ili kupima uwezo wake wa kuhimili asidi, kwa sababu matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na kaboneti, na alkaliniti ndiyo hushuka upesi. Hapa msihadaike na nukta. Kolorimita ndogo ya kampuni ya Hanna inayotumiwa na wengi huonyesha sehemu ya kumi ya dKH, kizio cha alkaliniti, lakini usahihi wake uliotangazwa ni 0.3 juu au chini, pamoja na asilimia 5 ya kilichosomwa. Maana yake ni kwamba 8.0 mnayoiona inaweza kuwa 7.3 au 8.7. Sehemu ya makosa mengine ni ya mikono yetu: alama ya kidole kwenye kichupa, kiputo cha hewa kilichoganda ukutani, au tone la maji nje ya kioo, vyote huzuia mwanga nacho chombo hudhani ni rangi. Futeni kichupa kwa kitambaa laini, kishikeni shingoni, na kila mara kitumbukizeni ndani ya chombo kikielekea upande uleule.

Pimeni alkaliniti saa ileile kila siku na kuandika kwenye daftari. Ikisoma 8.0 leo na 7.8 kesho, msiongeze dawa ya kuipandisha. Ikishuka siku nne mfululizo, pimeni kwanza maji ya rejea, kisha mshike chupa ya dawa.