TV Inaganda? Usikimbilie Kununua Busta

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hii ni TV ya jirani yangu. Mwangalieni mtangazaji: mdomo umebaki wazi, uso umekatika vipande vipande, sauti inakwaruza. Jirani ameshatenga hela ya busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Nimemwambia asubiri kwanza.

Leo nazungumzia king'amuzi cha antena, siyo cha dishi. Dishi linatazama setilaiti huko juu. Antena inatazama mnara.

Enzi za analojia mawimbi yakipungua ulipata chenga, lakini mpira uliutazama hivyo hivyo. Tangu mitambo ile ianze kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, mambo ya kati kwa kati yamekwisha. Mawimbi yakitosha picha ni safi. Yakipungua kidogo tu, inaganda, kisha giza. Kwa hiyo mara nyingi kinachokosekana ni kidogo sana.

Hatua ya kwanza. Chukua rimoti, ingia kwenye menyu, sehemu ya kutafuta chaneli. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Wengi wanakodolea nguvu. Wewe tazama ubora. Hapa nguvu ni 80, ila ubora unarukaruka: 20, 45, 15. Mawimbi yanafika, lakini yamechafuka njiani.

Hatua ya pili ni waya, na hapa tutakaa kidogo. Chomoa king'amuzi kwenye umeme, kisha fungua konekta. Ngoja nisogeze kamera. Mnauona huu uzi mwembamba kama unywele? Umetoka kwenye wavu wa nje ukalalia shaba ya katikati. Mgonjwa wetu ndiye huyu! Kata sentimita chache, chuna ganda la nje, kunja wavu wote nyuma, usisaze hata uzi mmoja. Kisha chuna plastiki ya ndani taratibu bila kuikwaruza shaba, funga konekta, shaba ichungulie kidogo tu.

Panda ukafanye vivyo hivyo kwenye antena. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, maji yameingia; kata mpaka ufikie inayong'aa. Waya uwe wa antena, ulioandikwa omu 75; aina iitwayo RG6 ni nzuri. Niliwahi kukuta nyumba imetumia waya wa spika, na mwenyewe analaumu mnara.

Hatua ya tatu, mahali. Antena iliyofichwa darini chini ya bati inajisumbua, bati linayarudisha mawimbi yalikotoka. Itoe nje, ipite paa, ikae mbali na mwembe, maana majani yaliyolowa hula mawimbi. Usipande mvua ikitishia. Na nguzo isimame mbali na nyaya za TANESCO, kiasi kwamba hata ikianguka haizifikii.

Hatua ya nne, uelekeo. Kwa antena hii ya vijiti, upande wa vijiti vifupi ndio unaotazama mnara. Wavu mkubwa wa antena unakaa nyuma. Nimeshazikuta nyingi zimegeuzwa. Kisha angalia kwa majirani wanaopata picha nzuri: vijiti vyao vimelala au vimesimama? Fuata hivyo hivyo. Mmoja abaki ndani na ule mstari wa ubora, wa juu azungushe kidogo kidogo, kila mara asubiri sekunde tano, king'amuzi huchelewa kusoma. Aliye juu asiulize "tayari?", aulize "ngapi?"

Sasa hiyo busta. Inakuza kila inachopokea, uchafu nao umo. Ukiwa karibu na mnara, king'amuzi kinazidiwa na picha inaharibika zaidi. Inakufaa ukiwa mbali, waya ukiwa mrefu sana, au ukigawa TV mbili kwa spilita, kwa sababu kila TV hapo inapata chini ya nusu. Na ifungwe juu, jirani na antena, ikuze mawimbi kabla waya haujayapunguza. Kuifunga nyuma ya TV ni kuchelewa.

Mwisho, tafuta chaneli upya, zile zilizopotea zijirudishe. Tazameni ubora: 72, umetulia. Saa mbili kasoro dakika tatu, taarifa ya habari hiyo inaanza, na jirani ananidai rimoti yake.