Kigoda cha babu na msasa wa fundi

BARAKA: Haya, karibuni tena. Mwende leo amekuja na sura ya matanga, hata chai hajagusa. Tulikuwa tumepanga kuongea venye unaweza kupamba nyumba na picha za zamani na vitu vya kale, pointi tano tumeandika, lakini wacha kwanza aseme.

MWENDE: Fundi amepiga kigoda cha babu msasa.

BARAKA: Kile cha Machakos?

MWENDE: Hicho hicho. Shosho alinipa Krismasi, akaniambia beba, hapa kinaegemeza tu mlango wa jikoni. Miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, na juu kuna zile waya za shaba wazee wa Kikamba walikuwa wanagongelea ndani ya mbao mpaka zinatoka maua. Mguu mmoja ulikuwa na ufa, nikampelekea fundi hapa mtaani nikamwambia gundi tu, GUNDI TU, naenda Alhamisi kukichukua nakuta kinang'aa kama meza ya hoteli.

BARAKA: Ala!

MWENDE: Pale katikati palikuwa peusi, laini, panateleza. Ni babu huyo, miaka yote amekalia hapo. Sasa ni mbao nyeupe na vanishi. Na waya mbili ziling'oka, amenipa kwa kikaratasi kama chenji.

BARAKA: Pole sana, aki. Lakini fundi naye alidhani anakufanyia mazuri.

MWENDE: Najua, na sikumfokea. Lakini mwenye anatusikiza, kama uko na kitu cha mbao cha zamani ni kitambaa kikavu, na kama lazima, nta ya nyuki kidogo, basi. Vumbi unaweza kutoa wakati wowote, weusi ule ukitoka haurudi.

BARAKA: Hiyo ilikuwa pointi ya tatu.

MWENDE: Wacha pointi. Jana nilipita Archives, ile hifadhi ya kumbukumbu za taifa pale Moi Avenue, Nairobi, kuangalia vitu vya Joseph Murumbi, yule alikuwa makamu wa rais 1966, nikasimama tu natafuta penye mikono ya watu imeshika mpaka mbao ikabadilika rangi. Nikakumbuka msasa, nikatoka.

BARAKA: Sasa mimi nina swali. Kigoda kilifuata nini kwako Donholm?

MWENDE: Kilinifuata mimi.

BARAKA: Hapana, skiza. Wamijikenda huchonga kigango, ile nguzo ya mbao ya ukumbusho, cha mzee wa Gohu, chama chao cha wazee, akishafariki, kinasimamishwa pale na hakifai kuhamishwa, kinaachwa kioze mahali pake. Vigango vikaibwa, vikauzwa, vingine vikaishia kwa sebule za watu huko Marekani. Ni 2023 makumbusho ya Illinois ilirudisha 37. Mimi naona kitu cha mzee kikitoka kwake kinageuka urembo, hata kama mwenye amekibeba ana nia nzuri.

MWENDE: Baraka, usinilinganishe na wezi.

BARAKA: Sijasema mwizi.

MWENDE: Umesema sebule. Mimi ni mjukuu, nimepewa mkononi. Na kigango ni cha marehemu, hiki ni cha kukalia.

BARAKA: Na unakikalia?

MWENDE: Hapana. Kilikuwa juu ya kabati, chini ya picha yake.

BARAKA: Basi ni urembo.

MWENDE: Ni heshima! Wewe ungeingia kwa mzee ukalie kigoda chake hivi hivi?

BARAKA: Mimi singekitoa kwake kabisa.

MWENDE: Kibaki kwa mlango, moshi na kuku?

BARAKA: Hata hapo. Shosho alikuwa anakigusa kila asubuhi akifungua.

MWENDE: Hapana, hiyo sikubali.

BARAKA: Na mimi sirudi nyuma. Naonyeshwa dakika mbili hapa, na hatujagusa fremu za soko la Gikomba, wala kutotundika picha penye jua linapiga, wala wadudu wa mbao...

MWENDE: Hizo tutafanya wiki ijayo.

BARAKA: Zile waya ziko wapi?

MWENDE: Hizi hapa, kwa pochi. Wamunyu, kule Machakos, kuna wachongaji, Jumamosi naenda kutafuta mzee wa kuzirudisha.

BARAKA: Nakuja na wewe. Na tupitie kwa shosho.

MWENDE: Twende, lakini kigoda kinarudi Donholm.

BARAKA: Tutaskia shosho atasema nini.

MWENDE: Alishasema.