Herufi Si Embe: Mhadhara kwa Walimu wa Hisabati, Kisumu

Walimu wenzangu, mliokwisha kunisikia Kakamega na Nakuru mtaniwia radhi, kwa maana katika kurahisisha semi za aljebra nitaanzia pale pale: herufi a si embe, wala b si ndizi. Tunamwambia mtoto kwamba 3a + 2b ni maembe matatu na ndizi mbili, tunafurahi kwamba ameelewa upesi, kisha tunashangaa anapoandika 5ab. Ametukosea nini, ikiwa ni sisi tuliomtilia matunda yote katika kapu moja?

Mpelekeni sokoni Kibuye. Anunue gorogoro (mikebe ya kupimia) tatu za omena, yaani dagaa, na mbili za mahindi, a iwe bei ya gorogoro moja ya omena, yaani idadi ya shilingi, na b iwe bei ya gorogoro moja ya mahindi. Tuseme omena ni shilingi 400 na mahindi ni 150. 3a + 2b inadai shilingi 1,500. Ile 5ab yake, yaani 5 × a × b, inadai shilingi 300,000, na kwa fedha hizo mama muuzaji atamfungia kibanda kizima pamoja na gorogoro zenyewe. Tahadhari moja tu: asijaribie kwa 1, kwa sababu a na b zote zikiwa 1, 3a + 2b ni 5, na 5ab pia ni 5, na kosa litapita mbele yenu likiwa limevaa suti.

Najua yupo atakayesema kwamba maembe humfaa anayeanza. Basi na anieleze embe mara embe ni nini. Mwingine huniletea mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 bila herufi hizi zetu, akakiita kisichojulikana “kitu”. Ni kweli, ila kitu hicho alikizidisha kwa chenyewe, na tokeo lake akaliita māl, neno lile lile ambalo sisi tunalitamka mali. Nani awezaye kuzidisha kitu kwa chenyewe, kama kitu hicho si idadi?

Kurahisisha, basi, ni kuiandika idadi ile ile kwa ufupi zaidi. Anayepewa 3x + 6 akamaliza kwa x = −2, kana kwamba aliambiwa 3x + 6 = 0, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Mabano, kwa haraka: 7 − 2(x − 3) ni 13 − 2x, wala si 1 − 2x, maana alama ya kutoa inaingia mabanoni pamoja na ile 2; wekeni x = 3 mwone 7 dhidi ya −5. Ukataji wa x katika (x + 6)/x, unaoiacha 6 peke yake kama mjane, ulistahili saa nzima. X ikiwa 2, usemi huo ni 4, wala si 6. Na kuhusu kugawanya x² − 9 kwa x − 3, kunakotoa x + 3 kwa kila x isipokuwa 3, tutabishana wakati wa chai.