"Mbona Unakopi Tu?" Nawajibu Kuhusu Kaligrafia ya Kichina

Haya jamani, habari za huko nyumbani. Leo sizunguki mjini, nimekaa mezani, maana kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, mbona unakopi tu? Lini utaandika vya kwako?" Mwingine kasema naangalizia. Nawajibu, na naomba msiseme najisifu wala nalalamika.

Kwenye kaligrafia ya Kichina, yaani sanaa ya kuandika herufi kwa brashi na wino, kunakili ndiyo shule yenyewe. Ninayoyaandika mnayaona ni maandishi ya Yan Zhenqing, bingwa wa kaligrafia wa enzi ya Tang, yaliyochongwa kwenye jiwe mwaka 752, na jiwe bado lipo mji wa Xi'an. Kwanza unapitisha brashi juu ya herufi zilizochapwa kwa rangi nyekundu. Baadaye kitabu kinakaa pembeni, unatazama na kuandika. Kisha unakifunga, unaandika kwa kichwa, unafungua kulinganisha. Chukua mstari wa kulala tu, ule ambao kwa Kichina ndiyo herufi ya namba moja. Kwa macho umenyooka. Ukiunakili ndipo mkono unakuambia kwamba unapanda kidogo kulia, brashi inakandamizwa mwanzoni, inalegezwa katikati, inakandamizwa tena mwishoni.

Na nyie wa "Wachina kila kitu kopi", nisikilizeni vizuri. Kazi inayosifiwa kuliko zote, dibaji ya Lanting, yaani utangulizi wa mkusanyo wa mashairi, bingwa wa zamani Wang Xizhi aliiandika mwaka 353 kule Shaoxing, jirani na hapa Hangzhou ninaposoma. Ile ya mkono wake haipo. Inasimuliwa kwamba mfalme Taizong wa Tang aliipenda mpaka akazikwa nayo. Tulichobaki nacho ni nakala, na ile maarufu zaidi, inayohusishwa na mnakili wa enzi ya Tang, Feng Chengsu, ipo Beijing. Bila wanakili tungekuwa na hadithi tupu! Humo herufi moja, zhi, inajirudia mara 20 hivi, kila moja na umbo lake. Na mwenye kunakili hafichi: mwishoni anaweka jina lake na neno la kuonyesha kuwa amenakili. Feki iko wapi hapo?

"Basi ziuze upate hela." Ndugu zangu, kibali changu cha kuishi China ni cha mwanafunzi. Nikipokea malipo ya kazi bila ruhusa, nimevunja sheria. Na kibali chenyewe cha chini ya mwaka ni yuan 400, na kikishughulikiwa pasipoti inabaki kwa watu wa uhamiaji. Safari iliyopita nilikuwa nimetumiwa hela, benki ikakataa kunipa kwa sababu pasipoti sina mkononi, nina karatasi ya risiti tu. Siku hizo hizo shemeji anapiga simu kuuliza simu aliyoniagiza imefikia wapi. Hakuuliza nimekula nini. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Karatasi sikuweza kununua, nikatumia kitambaa cha maji: unaandika kwa maji matupu, herufi inatokea nyeusi, ikikauka unaandika tena. Kunakili sikuacha.

Ushauri ninao, ila ni wangu mimi, usije ukaniambia nimekupoteza. Wapo wanaoanza na Ouyang Xun, bingwa mwingine wa Tang, wapo walimu wanaoanzia mwandiko wa kale wa mihuri. Mimi Yan amenifaa kwa kuwa mistari yake ni minene, naona brashi ilipoingia na ilipotoka. Karatasi ya Xuan, ile ya jadi ya kaligrafia, ni ghali, iache kwanza, tumia ile ya njano ya mianzi. Kama mfuko wako unaruhusu, sikukatazi.

Na hivyo "vya kwangu"? Kuna njia ya kuokota herufi moja moja kutoka kazi za bingwa mmoja na kuziunga ziwe maandishi mapya. Mtawa Huairen alifanya hivyo kwa herufi za Wang Xizhi, na jiwe lake likasimamishwa mwaka 672. Nami sasa napekua maandishi ya Yan kutafuta herufi nne za jina la Tanzania kwa Kichina. Zikitimia nitaziandika hapa hapa, mkiona.